Mabati ya Injini ya Mwalimu

Gari la marehemu mume wangu halina rejeta. Naanza na hilo kwa sababu kila mtu aliyelifungua alitafuta rejeta kwanza, na wengine walikuja na ndoo ya maji mkononi. Ni lile gari dogo la mgongo wa kobe. Injini iko nyuma, mizigo inakaa mbele, na injini yenyewe inapozwa na upepo wa feni tu. Mume wangu alikuwa akiwaambia watu, "Hili halinywi maji, linavuta pumzi," nao wakidhani anatania.

Yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alilinunua kwa daktari mmoja mgeni aliyekuwa anarudi kwao, likiwa limeshatumika, na likatupeleka kila tulikohamishiwa, ng'ambo ya Mto Mara upande wa Serengeti na kurudi tena upande huu wa Tarime. Walimu wakuu wa shule zile zote nilijua majina yao, na ya wake zao, na ya watoto waliotapika ndani ya gari lile. Bado ninayo yote kichwani. Lakini binti yangu wa mwisho aliniambia nikiandika nisitaje mtu, maana wengine wapo hai na wengine watoto wao ni watu wakubwa sasa. Sawa. Majina nitakayoandika ni ya vyuma.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, kule Kenyamonta nilikozaliwa. Ufundi sikusomea. Ila mume wangu alikuwa akitengeneza gari lake mwenyewe uani siku za Jumamosi, na mtu wa kumpa spana nilikuwa mimi. Ualimu haukumtoka hata akiwa chini ya gari. Ile injini imezungukwa na mabati, yamekunjwa kwa namna yake ili upepo wa feni upite palepale penye moto usitawanyike. Kila bati alilipa cheo cha shule. Lile kubwa la mviringo linalobeba feni aliliita Mkuu. Mawili yanayofunika silinda, moja kulia na moja kushoto, aliyaita Monita. Mawili madogo ya chini, yanayojificha katikati ya silinda, ni Mapacha. Lile pana la nyuma, linalozuia hewa ya moto iliyotoka chini isipande tena juu, ni Mlinzi wa Geti. Akisema "nipe Monita wa kushoto," nampa Monita wa kushoto. Sikuwa nauliza mara mbili.

Mara ya mwisho aliishusha injini ili abadilishe klachi, akaona heri ayatoe mabati yote ayasugue na kuyapiga rangi. Alimwinua Mkuu, akatoa wale wa chini yake, kisha akamrudisha Mkuu mahali pake ili feni isilale kwenye vumbi. Wiki ileile akaugua. Uani hakurudi tena.

Baada ya msiba vijana waliiburuta injini mpaka stoo, tukaifunika magunia. Gari lenyewe likabaki nyuma ya nyumba, chini ya kibanda chake. Mabati yakabaki yameegemea ukuta wa jiko langu. Sasa kitu kikiegemea ukuta wa jiko kwa muda, kitapata kazi. Monita wa kulia nikamfunikia kuku anayeatamia, maana umbo lake lilikuwa kama limefinyangwa kwa ajili hiyo. Monita wa kushoto nikamfanya wa kuzolea majivu. Mapacha nikafunikia vyungu. Mlinzi wa Geti nilimkata ukingo mmoja kwa patasi na nyundo, nikampigilia chini ya paa, akawa anapeleka maji ya mvua kwenye pipa. Sikuona kwamba naharibu gari. Kwangu gari lilikuwa limeshamfuata mwenyewe.

Ikapita miaka mingi hivyo.

Mwanangu wa kwanza ana kazi ya ofisi huko Musoma. Alikuja akasema anataka kujenga vyumba hapa nyumbani, vya kupangisha walimu na manesi wanaoletwa Gorong'a kutoka mikoa mingine wakakosa pa kulala. Wazo zuri, sikulikataa. Ila mahali alipopataka ni pale penye gari, kwa sababu ni karibu na barabara. Tukakaa kikao cha nyumbani, mimi na wanangu, na wakwe wawili watatu.

"Mama, lile gari litoke," akasema.

"Ni la baba yako."

"Baba hayumo ndani yake. Mle kuna panya."

Panya walikuwamo kweli. Ndipo mkwe wangu, mume wa yule binti wa mwisho, aliyekuwa amekaa karibu na mlango kama wakwe wanavyokaa, akakohoa. Akamwambia mke wake kwa sauti ya chini, lakini sote tukasikia, kwamba yeye anaweza kuliwasha. Huyu ni fundi. Alikuwa anatengeneza yale malori makubwa ya machimboni Nyamongo, yale ambayo tairi lake linamzidi mtu urefu, mpaka mkataba wake ulipokwisha. Tangu hapo alikuwa anakaa kwake Kerende anatengeneza pikipiki.

Mwanangu akamtazama, akatutazama sote. "Basi tuelewane. Nitarudi na likizo baada ya mavuno ya mahindi. Nikikuta linatembea, sina neno, litatoka kwa miguu yake. Nikikuta haliwaki, nakuja na watu wa chuma chakavu, wanalikatakata hapohapo. Mama, umekubali?"

Nikakubali. Nilikubali mbele ya watu wote, kwa mdomo wangu. Hilo lilinikaa kifuani tangu siku ile. Kama lingekatwa, lingekatwa kwa ruhusa yangu.

Sasa inabidi niseme kidogo kuhusu sisi Wakurya, kwa wasiotujua. Mama mkwe na mkwe wa kiume wanaoneana haya. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Yeye akifika husimama mbali, huinama kidogo, "Shikamoo mama," nami najibu marahaba nikiangalia chini. Vijana wa siku hizi wanalegeza, lakini mimi na huyu hatukulegeza. Na haifai kabisa mama mkwe amkute mkwe wake amelala chali, miguu nje. Fundi wa gari analalaje? Analala chali, miguu nje.

Na gari lilikuwa kati ya nyumba yangu na jiko langu.

Kwa hiyo siku alizokuja, siku tatu kwa wiki, mimi nikitaka kwenda jikoni nilitoka mlango wa mbele, nikazunguka zizi la ng'ombe, nikapita shamba la muhogo, nikaingia jikoni kwa nyuma. Nikitaka chumvi iliyobaki ndani, safari ileile kurudi. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima kama mimi, alisimama akaniangalia mara ya tatu nimebeba sufuria.

"Mama Mwalimu," akasema, "siku hizi jikoni kwako unapita Kenya?"

"Pita na wewe ukanichukulie mwiko," nikamjibu.

Aliyetuunganisha ni binti yangu. Alikuwa anakuja na mume wake kwenye pikipiki, cherehani yake ya mkono amepakata, anakaa barazani anashona. Mimi nakaa upande mmoja wa ukuta, mume wake yuko upande wa pili chini ya gari. Tulikuwa tunasikiana vizuri kabisa, lakini neno lilikuwa lazima lipitie kwake.

"Muulize mama, lilikuwa linatumia oili gani?"

Binti, macho kwenye kitambaa: "Mama, oili gani?"

"Mwambie ile ya kawaida. Asiweke nzito ya matrekta."

"Nimesikia," mkwe akasema.

"Hujasikia," binti akasema. "Sijakuambia bado."

Kazi yenyewe aliifanya vizuri, hilo nalisema wazi. Aliwatoa panya na matandiko yao. Sakafu upande wa dereva ilikuwa imeliwa na kutu mpaka unaona majani chini, akakata, akachomelea bati jipya. Tanki la petroli lilikuwa na uchafu kama uji wa ulezi, akalisuuza na mafuta ya taa na kokoto, analitikisa kama mtu anayepepeta. Breki alizifungua zote nne. Spea zilitoka Kenya. Ninaye ndugu, mtoto wa mama yangu mdogo, aliyeolewa ng'ambo ya Sirari, nikampigia simu.

"Dada, hiyo gari bado mko nayo?" akacheka. "Si muifanye nyumba ya kuku tu."

"Kuku wana nyumba yao. Nitafutie plagi nne, mkanda wa feni na waya wa klachi."

"Wacha niulize. Kuna mzee mmoja hapa ako na moja kama hiyo, huwa anaiosha tu, haendi nayo mahali."

Mzee yule alipatikana, na vitu vikaja na mtu wa sokoni vimefungwa kwenye gazeti.

Ila injini yenyewe, alipoitoa stoo, ilimsumbua mkwe wangu. Alikuwa amezoea mashine zenye maji kila mahali, mabomba, mapampu. Hii ilikuwa kwake kama ng'ombe asiye na tumbo. Akawa anaangalia video kwenye simu, wazungu wanaotengeneza magari kama lile. Siku moja nikasikia anamwambia mke wake kwa furaha kwamba ameona moja, injini iko juu ya meza, iko uchi, inanguruma vizuri bila kitu juu yake.

Halafu akasema, "Lakini hebu muulize mama. Huku kwenye silinda kuna matundu ya skrubu hayana kitu. Kuna kitu kilikuwa kinafungwa hapa?"

Nilikuwa jikoni siku hiyo, nimekuja kwa njia ya muhogo. Binti akaja mlangoni kuniuliza. Mkononi mwangu alikuwamo Monita wa kushoto, amejaa majivu ya asubuhi.

Nilijua anauliza nini. Nilijua majina yao yote, na nani anakaa wapi. Ila niliona mambo mawili kwa pamoja: watoto wangu wakisikia kwamba mama aliyewalilia gari la baba yao ndiye aliyelikata akatengeneza mfereji wa maji, na mkwe wangu akija jikoni kwangu kukusanya vyuma kwenye majivu na chini ya kuku, mbele yangu. Nikajibu haraka kuliko nilivyofikiri.

"Mwambie sikumbuki."

Binti yangu alinitazama kidogo. Ni mtoto aliyekulia kwenye mdomo wangu, anajua mimi ni mtu wa kukumbuka hata jina la mbwa wa mwalimu mkuu wa shule ya tatu. Lakini alirudi akasema, "Mama hakumbuki."

"Basi hakikuwa kitu cha maana," mkwe akasema. "Heri ikae wazi, itapata upepo zaidi."

Injini aliirudisha ndani ya gari, ikawaka siku ya Alhamisi. Ilikohoa mara nne, ikatoa moshi mweupe, ikashika. Nilikuwa ndani, nikaketi kitandani. Ile sauti ya kupuliza na kugonga kwa pamoja, hakuna gari lingine lenye sauti ile. Majirani walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nafikiria Mlinzi wa Geti yuko juu ya pipa.

Ningeweza kusema siku ile. Ningeweza kusema Ijumaa yake. Jumamosi walitoka nalo kulijaribu, yeye na mke wake, kuelekea njia panda. Nikahesabu moyoni walipofika: shuleni, kanisani, kwenye daraja dogo. Sauti ikapotea. Ilipofika saa nane mchana niliona kundi la watu barabarani, na katikati yao gari, linasukumwa. Harufu ilitangulia, oili iliyoungua. Mkwe wangu alikuwa anasukuma kwenye mlango wa dereva, mkono mmoja kwenye usukani, shati limelowa. Walipolifikisha kwenye kibanda chake hakula, hakunywa maji. Alipanda pikipiki, wakaondoka.

Siku nane hakuja. Nikampigia binti yangu.

"Amelala tu," akasema. "Anasema ni pistoni imekwama. Anasema ameua gari la baba mbele ya ndugu zangu, hajui atakuangaliaje."

"Haniangaliagi," nikasema.

"Mama, wewe unaelewa."

Nilielewa. Siku ya pili yake mwanangu naye akapiga kutoka Musoma. Mahindi yalikuwa yameshavunwa. Likizo yake ilikuwa imesainiwa, anakuja wiki inayofuata, na watu wa chuma chakavu wa Tarime mjini ameshaongea nao, watakuja na gari lao. Alinisemesha kwa upole, siwezi kumlaumu. "Mama, angalau tulijaribu," akasema.

Nilipokata simu nilikwenda moja kwa moja kwa kuku. Alikuwa juu ya mayai kumi na moja. Nilimhamishia kwenye kikapu na mayai yake, akanidonoa mkono mpaka damu ikatoka, nikamwachia adonoe. Nikamwaga majivu, nikatoa vifuniko kwenye vyungu. Nilipanda juu ya kiti, mtu wa umri wangu, nikang'oa misumari chini ya paa. Nikayasugua yote kwa mchanga na waya, masizi, kutu na mavi ya kuku, siku nzima, halafu nikayapangusa kwa mafuta ya taa. Kisha nikatandika gunia nyuma ya gari, nikayapanga kama mume wangu alivyokuwa anayapanga: la kulia kulia, la kushoto kushoto, Mapacha katikati, Mlinzi nyuma. Nikampigia tena binti yangu.

"Mwambie mume wako kuna vitu vyake hapa kwangu. Aje kesho, na wewe uje."

Lakini binti yangu alikuwa na sare za shule za kumaliza, watoto walikuwa wanakaribia kufungua. Mkwe alikuja peke yake. Nilisikia pikipiki, nikatazama, nikaona kiti cha nyuma hakina mtu. Alinisalimu kwa mbali, nikaitikia. Akaenda nyuma ya gari.

Ningeweza kuondoka. Nilichukua kigoda changu na ungo wa ulezi, nikaketi nyuma ya gari hatua kama nane hivi, nikaupa mgongo upande wake, nikaanza kuchambua mawe. Simuoni, haniangalii. Shida ilikuwa mtu wa kati hayupo. Basi nikasema na mtu wa kati kama yupo.

"Binti yangu," nikauambia ungo, "mwambie mume wako yale ndiyo yaliyokuwa yanafungwa kwenye yale matundu ya skrubu."

Halafu sauti yake, nayo ikazungumza na mahali ambapo cherehani huwa inakaa.

"Mwambie mama nashukuru. Mwambie nimeona hili pana limekatwa ukingo."

"Mwambie aliyelikata ni mimi. Nilitaka maji ya mvua."

Nilisikia amelishika, analigeuza. Mimi nilikuwa nachambua ulezi uliokwisha kuchambuliwa.

"Mwambie mama," akasema, "mkato wake umenyooka. Fundi wa Sirari angeharibu zaidi."

"Mwambie nilidanganya niliposema sikumbuki."

"Mwambie nilijua," akasema. "Mwambie mke wangu aliniambia siku ileile mama hawezi kusahau kitu. Nikaogopa kuuliza tena."

Hapo ndipo niliposhangaa. Nilidhani mwenye haya ni mimi peke yangu, kumbe alikuwa ameibeba upande wake vilevile. Gari lilikuwa limeungua katikati yetu.

Tukaanza kazi. Aliishusha injini, akafungua silinda kwanza, akakuta pistoni moja imekwaruzwa kidogo, haijaganda, akaisugua mpaka ikawa laini. Kisha nikamsikia anainua Monita kwanza, kwa sababu ndiyo makubwa yanayoonekana.

"Mwambie asianze na Monita, yale mawili ya kufunika silinda," nikasema. "Mapacha kwanza, yale mawili madogo, chini, katikati ya silinda. Yanaingia kwa kubanwa, akisikia yamelia tik, yamekaa."

Nikasubiri. Tik. Halafu ya pili, tik.

"Sasa amwinue Mkuu. Mkuu hakai mpaka Monita wote wawili wawe wamekaa, anawakalia mabegani."

"Mwambie mama, Mkuu ndiye yupi?"

Nikacheka. Nikagundua nimemwita kwa cheo chake cha zamani na mtu huyu hakuwahi kusoma shule ile. Nikamwelezea vyeo vyote, mmoja mmoja, na kazi ya kila mmoja. Naye hakucheka. Akavirudia kwa sauti, kama darasani, mpaka akavishika. Mlinzi wa Geti alimtia kiraka cha bati la nyumba kwa ribiti sita, na ule mpira unaozunguka injini ili hewa ya chini isipenye, uliokuwa umeoza kabisa, akautengeneza kwa mpira wa ndani wa tairi la pikipiki. Ilimchukua siku tatu. Siku ya pili binti yangu alikuja, akatukuta.

"Mnaongea na nani?" akauliza.

"Na wewe," nikamwambia. "Kaa ushone."

Mwanangu alifika Jumanne, kama alivyosema, na watu wawili wa chuma chakavu ndani ya pikapu yao. Walikuwa watu wa heshima, waliniamkia. Mmoja wao alilizunguka gari akaligonga kwa vidole, akasema, "Bodi nzito hii." Mwanangu akawaambia wasubiri. Akamwambia dada yake amwambie shemeji yake, ingawa wao wawili wanaweza kuongea moja kwa moja, nadhani alisahau: "Mpaka juu kwenye zahanati na kurudi. Pale mlima ulipo."

Mwanangu alikaa mbele, kando ya mkwe aliyeshika usukani. Mimi na binti tulikaa nyuma, juu ya betri, maana betri ya gari lile iko chini ya kiti cha nyuma. Kwa nyuma sikuona kitu cha mkwe wangu isipokuwa kisogo na kola. Hilo halina ubaya.

Tulipita shuleni, kanisani, darajani. Pale darajani ndipo lilipokufia mara ya kwanza. Mlima ukaanza. Ni mlima wa mawe, lori likiupanda unalisikia mpaka kwangu. Injini ikabadilika sauti, ikawa nzito.

"Mwambie aweke gia ya pili sasa, asiisubiri ichoke," nikasema.

Aliweka kabla binti hajafungua mdomo.

Ile taa nyekundu ya oili haikuwaka. Niliiangalia njia nzima katikati ya mabega yao. Juu, mbele ya zahanati, mwanangu akasema simama. Akashuka akazunguka nyuma, akafungua boneti, akainama, akatafuta.

"Maji mnaweka wapi?"

"Hakuna maji," dada yake akasema.

"Sasa nitajuaje kama imechemka?"

Hapo nilishuka mwenyewe. Mkwe wangu akasogea mbali, akaangalia upande wa milima. Nilimwonyesha mwanangu kile kijiti cha kupimia oili, nikamwambia akichomoe akishike kwenye ncha kwa vidole viwili. Baba yake alikuwa anapima hivyo: ukiweza kukishika, injini ina uzima, kikikuunguza ukaachia, umeshaiua. Mwanangu alikivuta taratibu kama mtu anayetoa mwiba. Akakishika. Akaendelea kukishika, anaangalia oili inavyoteleza kwenye vidole vyake safi vya ofisini, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ni ya moto," akasema, "lakini inashikika."

Akafuta vidole kwenye majani. Tulirudi. Akawaambia wale watu wa chuma samahani, akawapa soda, wakaondoka na pikapu tupu.

Lakini vyumba vilikuwa bado vinahitaji mahali, na mwanangu hakuwa amesema uongo, pale ndipo panapofaa. Jioni, jua halijazama, alikuja akakaa karibu nami. "Sasa litalala wapi, mama?" Upande mwingine wa uwanja ni zizi, upande mwingine ni makaburi, na baba yao yumo. Nililifikiria tangu pale mlimani, nilipoona kile kisogo kimetulia. Nikamwita binti yangu. Mume wake alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, anasikia kila kitu.

"Mwambie mume wako aende nalo Kerende," nikasema. "Liwe lake. Asiliuze, na asimwondoe mtu wake hata mmoja kwenye ile injini."

Mwanangu akatikisa kichwa kukubali. Mkwe alivua kofia, akaenda kulipangusa kioo cha mbele ambacho kilikuwa safi.

Waliondoka nalo asubuhi yake, pikipiki wameiacha kwangu wakaifuata baadaye. Chini ya kibanda palibaki udongo mweusi wa oili na alama nne za tairi. Mafundi wa matofali waliingia palepale siku hiyohiyo wakaanza kuchimba msingi, na mmoja akaniuliza udongo huu una nini mbona hauoteshi majani. Nikamwambia palikuwa na gari.

Mimi kwa mkwe wangu siendi kulala, si desturi, kwa hiyo silioni gari kila siku kama zamani. Wao ndio wanakuja. Jumamosi nyingi nikiwa jikoni nalisikia likitokea kanisani, ile pumzi na kule kugonga. Ninafunika moto, ninasogeza kuku mlangoni, ninakaa. Nasubiri mpaka amalize kulizima na ashuke, mpaka nisikie sauti yake kwa mbali inaniamkia. Naitikia. Kisha nampa binti yangu chakula ampelekee.